Kukaa Kimya bila Kuomba: Safari ya Tafakari ya Kibuddha kutoka Burma hadi Maziwa Makuu

Makala haya yamezaliwa na maneno ya sentineli. Miaka michache iliyopita mgeni mmoja kutoka Ulaya, mfanyakazi wa shirika la misaada, alipanga nyumba jirani na kwetu hapa Kalemie, kwenye mteremko unaotazama Ziwa Tanganyika. Kila alfajiri alikaa barazani, miguu ameikunja, mgongo wima, asiseme neno kwa muda wa nusu saa. Nilipomuuliza juu ya desturi hiyo alinijibu kwamba yeye hana dini, ila anafuata mafundisho ya Buddha kama mgonjwa afuatavyo maagizo ya mganga: dawa anainywa, mganga hamwabudu. Sentineli wa nyumba hiyo, mzee aliyelelewa na wamisionari, alikuwa na maelezo yake mwenyewe. "Mwalimu," aliniambia siku moja, "huyu bwana anaomba kila siku, lakini hana wa kumwomba."

Sidhani kwamba mtaalamu yeyote wa historia ya dini angeweza kulitaja jambo hilo kwa maneno machache kuliko hayo. Swali linalofuata ni la kihistoria. Imekuwaje mtu wa Magharibi, aliyekwisha kuiacha dini ya wazazi wake, akaipata ibada ya watawa wa Asia, tena akaipata ikiwa imekwisha kuvuliwa ibada? Jibu lililozoeleka ni kwamba Wazungu ndio walioivua. Waliichukua, wakaacha sanamu, ubani na habari za kuzaliwa upya, wakabaki na pumzi tu. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini linaanza hadithi katikati. Tutajaribu kuonyesha kwamba kazi hiyo ilianzwa na Waburma wenyewe, kwa sababu zao, na kwamba watu wa Afrika Mashariki na Kongo waliwahi kupita karibu sana na mahali ilipokuwa ikifanyika. Mwishoni tutagusa suala ambalo kwetu sisi wa taaluma ya lugha haliepukiki, nalo ni kwamba jambo hili liitweje kwa Kiswahili.

Mandalay, 1885

Wenyeji wa pwani yetu ya ziwa wanaukumbuka mwaka 1885 kwa sababu ndio mwaka ambao kituo cha Mpala, kilichoanzishwa na Kapteni Storms mwaka 1883, kilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Novemba ya mwaka huohuo majeshi ya Waingereza yaliingia Mandalay, yakamkamata Mfalme Thibaw na kumpeleka uhamishoni India. Kwa Waburma msiba huo ulikuwa zaidi ya kupotea kwa kiti cha enzi. Mfalme ndiye aliyekuwa mlinzi wa dini, aliyewatunza watawa na kusimamia mitihani yao. Sasa dini ilikuwa imebaki bila mlinzi.

Ni vyema ieleweke kwamba hadi wakati huo Mbuddha wa kawaida hakuwa mtu wa kufanya tafakari. Mkulima wa Burma aliwapa watawa chakula, akashika amri tano, akatumaini kujipatia thawabu kwa ajili ya maisha yajayo. Tafakari ilikuwa kazi ya watawa, na hata miongoni mwa watawa wengi wao walikuwa wasomi wa maandiko kuliko wakaaji wa msituni. Anayedhani kwamba mamilioni ya Wabuddha wamekuwa wakikaa kimya kila alfajiri tangu enzi za Buddha amedanganywa na picha za kalenda.

Aliyeibadili hali hiyo zaidi ya wengine ni mtawa Ledi Sayadaw (1846–1923). Baada ya kuanguka kwa Mandalay alizunguka nchi nzima akihubiri, akiandika kwa Kiburma chepesi badala ya Kipali cha wasomi, na kuwafundisha watu wa kawaida mambo ambayo awali hayakutoka nje ya nyumba za watawa. Hoja yake ilikuwa wazi: ikiwa mfalme hayupo tena kuilinda dini, basi kila mwenye nyumba na ailinde ndani ya nafsi yake. Mwanahistoria Erik Braun, katika kitabu chake cha mwaka 2013 kiitwacho The Birth of Insight, ameeleza kwa kirefu jinsi harakati hizo za kujihami dhidi ya ukoloni zilivyogeuka kuwa chimbuko la tafakari inayofahamika leo duniani kote. Jambo hili linastahili kukaziwa macho. Kile ambacho Mzungu wa barazani alikipokea kama hekima isiyo na wakati kilikuwa, kwa umbo lake la sasa, jibu la taifa lililoshindwa vitani.

Mfuatano wa walimu baada ya Ledi unaonyesha mwelekeo huohuo. Saya Thetgyi alikuwa mkulima. Mwanafunzi wake U Ba Khin (1899–1971) alikuwa karani, kisha akawa Mhasibu Mkuu wa Serikali ya Burma ilipopata uhuru mwaka 1948. Aliwafundisha tafakari watumishi wa ofisi yake mwenyewe, na mwaka 1952 akafungua kituo huko Rangoon ambako wageni walifundishwa kwa Kiingereza. (Wasomaji wanaozifahamu ofisi zetu za fedha watajiwazia wenyewe matokeo ya hatua kama hiyo hapa kwetu.) Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa mfanyabiashara Mhindu, S. N. Goenka, mzaliwa wa Mandalay, aliyemwendea mwaka 1955 kwa sababu ya maumivu ya kichwa yaliyowashinda madaktari. Goenka alihamia India mwaka 1969 na kuanza kuendesha kozi za siku kumi. Kwake yeye hiyo ilikuwa elimu ya wote, Mwislamu, Mkristo na Mhindu, wala haikumtaka mtu kubadili dini. Iliingizwa hata katika gereza kubwa la Tihar mjini Delhi, ambako mwaka 1994 zaidi ya wafungwa elfu moja waliketi pamoja. Hivyo basi, mkulima, mhasibu na mfanyabiashara Mhindu walikuwa wameiondoa tafakari mikononi mwa watawa kabla Mzungu hajaigusa.

Tawi la pili ni la Mahasi Sayadaw (1904–1982), mtawa aliyeitwa Rangoon mwaka 1949 na serikali ya U Nu ili awafundishe raia kwa wingi. Kwake alikwenda Nyanaponika, Myahudi wa Ujerumani aliyekuwa mtawa huko Ceylon, ambaye kitabu chake cha mwaka 1954 kiliwafungulia mlango wasomaji wa Kiingereza.

Sehemu iliyobaki ya hadithi inajulikana zaidi, hivyo tutaipita upesi. Joseph Goldstein na Jack Kornfield, vijana wa Kimarekani, walipelekwa Thailand kama wafanyakazi wa kujitolea wa Peace Corps katika miaka ya 1960. Pamoja na Sharon Salzberg walianzisha kituo huko Barre, Massachusetts, mwaka 1975, katika jumba lililokuwa la watawa Wakatoliki. Jon Kabat-Zinn, mtaalamu wa biolojia, alipata wazo lake akiwa kwenye mafungo hukohuko Barre. Mwaka 1979 alianzisha katika hospitali ya chuo kikuu mjini Worcester kozi ya wiki nane kwa wagonjwa wenye maumivu sugu, bila kumtaja Buddha. Naye Stephen Batchelor, Mskoti aliyekuwa mtawa kisha akauacha utawa, alitoa mwaka 1997 kitabu Buddhism Without Beliefs, ambacho kiliwapa watu kama jirani yangu maneno ya kujieleza.

Hapa nina neno moja la kupinga. Mwanafunzi wa Goenka huanza kozi kwa kuahidi kutoua, kutoiba, kutosema uongo na kadhalika. Bila ahadi hizo hafundishwi hata kuangalia pumzi. Katika zahanati za Marekani ahadi hizo zilibaki nje ya mlango. Waburma waliwaondoa watawa, lakini maadili waliyaacha mahali pake. Waliofuata waliyaacha yadokezwe tu, na sioni kwamba hilo ni badiliko dogo.

Kando ya mto Chindwin

Sasa turudi nyuma kwenye vita, kwa kuwa hapo ndipo historia hii inapogusana na yetu. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilipelekwa Burma baada ya kukaa Ceylon. Walisonga katika bonde la Kabaw wakati wa masika makali, katika matope na malaria, wakaiteka Kalewa Desemba 1944 na kuweka daraja juu ya mto Chindwin. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili cha jeshini, kile kilichoitwa Kikeya. Pamoja nao palikuwa na hospitali ya mstari wa mbele kutoka Kongo ya Kibelgiji, yenye wauguzi wa Force Publique. Mfalme Philippe wa Ubelgiji alipozuru Kinshasa Juni 2022 alimvika nishani Koplo Albert Kunyuku, mkongwe wa kampeni hiyo ya Burma, aliyekuwa na umri wa miaka mia moja.

Wakati huohuo, katika kijiji cha Seikkhun karibu na Shwebo, ng'ambo ya mashariki ya Chindwin, umbali usiofika kilomita mia mbili kutoka Kalewa, Mahasi alikuwa akiishi katikati ya mabomu. Mwaka 1945 aliandika hapo kitabu chake cha mwongozo wa tafakari, ambacho baadaye kilikuwa msingi wa mafundisho ya Rangoon, na kwa njia ya Rangoon, ya Barre. Kwa maneno mengine, kitabu kilichokuja kuwabadili vijana wa Massachusetts kiliandikwa siku zilezile ambapo watu waliosema Kiswahili na Lingala walikuwa wakibeba majeruhi kando ya mto wa jirani.

Tusidai zaidi ya hayo. Askari aliyeliona hekalu la Burma aliliona mara nyingi likiwa limevunjika, au akiwa amelala ndani yake akisubiri amri. Kujifunza dini ya wenyeji kunahitaji muda, mwenyeji mkarimu na lugha ya pamoja, na askari yule hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Vijana wa Peace Corps waliofika Thailand miaka ishirini na kitu baadaye walikuwa na vyote vitatu, pamoja na pasipoti na nauli. Ndiyo sababu sipendi masimulizi yanayoufanya ugunduzi wa Mzungu uonekane kuwa tunda la kiu ya roho peke yake. Kiu ilikuwako kwingi, lakini nafasi ya kusafiri kwenda kuituliza haikuwako kwingi.

Kampala, Chandigarh, San Jose

Kuna jambo la kushangaza katika jiografia ya mafundisho haya. Dar es Salaam imekuwa na hekalu la Kibuddha tangu miaka ya 1920, lililojengwa na Wasinhala waliohamia kutoka Ceylon. Limo katika eneo la Upanga, na uani pake umepandwa mti wa Bodhi. Shehena za Albertville, kama ulivyoitwa mji wetu hadi mwaka 1966, zilipita bandari hiyohiyo, katika gati ya Wabelgiji, kisha kwa reli ya kati hadi Kigoma, na kuvuka ziwa. Chumvi na vitambaa vilifika, mafundisho hayakufika. Hekalu lilikuwa la jumuiya yake, mahali pa kuadhimisha sikukuu na kuwaombea wafu, wala Wasinhala hawakuwa na desturi ya kuhubiri mitaani. Tafakari ya watu wa kawaida haikuwa imeenea hata kwao.

Mwafrika Mashariki wa kwanza kuifahamisha eneo letu kwa mapana aliipata mbali. Buddharakkhita alizaliwa Uganda mwaka 1966 kwa jina la Steven Kaboggoza, akalelewa katika Ukatoliki. Mwaka 1990 alikwenda kusoma biashara katika Chuo Kikuu cha Panjab mjini Chandigarh, India, na huko akafanya urafiki na watawa vijana kutoka Thailand. Hakupelekwa na padri wala na serikali. Alikutana nao kama mwanafunzi anavyokutana na wanafunzi wengine wageni. Baada ya miaka ya kutangatanga alipokea utawa mwaka 2002 huko San Jose, California, mbele ya U Silananda, kisha akaishi na kusoma katika nyumba ya watawa ya Bhavana Society, West Virginia. Mwaka 2005 alianzisha Uganda Buddhist Centre huko Garuga, karibu na Entebbe, kando ya Ziwa Victoria.

Ni nani huyo U Silananda? Ni mtawa Mburma aliyefuatana na Mahasi katika ziara yake ya Marekani mwaka 1979 na kubaki huko kufundisha. Kwa hiyo mafundisho yaliyoandikwa Seikkhun mwaka 1945, karibu na kambi za askari wa Uganda, yalihitaji miaka sitini, na njia ya kupitia Rangoon na California, ili kufika Entebbe.

Tofauti kati yake na jirani yangu Mzungu inafundisha. Mzungu alitoka kwenye dini akaingia kwenye tafakari isiyo dini. Buddharakkhita aliyapokea mafundisho pamoja na vazi, amri na bakuli la watawa, akarudi navyo nyumbani. Mwenyewe amesimulia jinsi watu walivyolidhania bakuli lake kuwa ngoma. Katika nchi ambayo kila mtu huulizwa anasali wapi, tafakari isiyo na dini haina pa kukaa; afadhali dini ngeni kuliko kutokuwa na dini. Nadhani sentineli wetu angekubaliana nami.

Tatizo la istilahi

Katika mkoa wetu wa Tanganyika mapigano kati ya Watwa na Waluba, yaliyoanza 2013 na kuwa mabaya zaidi miaka ya 2016 na 2017, yaliwahamisha watu kwa mamia ya maelfu. Mashirika yaliyokuja kuwahudumia yalileta, pamoja na maturubai na unga, mazoezi ya kutuliza moyo, na baadhi ya mazoezi hayo yanatoka moja kwa moja katika kozi ya wiki nane ya Worcester. Karatasi za maelezo ziliandikwa kwa Kifaransa. Mwanafunzi wangu mmoja alipewa kibarua cha kuzitafsiri, akakutana na maneno "pleine conscience", akaandika bila kusita "dhamiri kamili". Aliposoma tafsiri yake mbele ya akina mama kambini, mmoja alimwuliza: "Mwanangu, tumekosa nini hata mtupime dhamiri?" Mama huyo alikuwa amezika watoto wawili. Mwanafunzi alirudi kwangu akiwa na haya, nami niliona haya zaidi, maana somo la maneno yanayofanana na kutofautiana maana ni langu.

Kosa lenyewe lina historia ndefu. Neno la Kipali ni sati, na mzizi wake una maana ya kukumbuka. Mwaka 1881 T. W. Rhys Davids, aliyewahi kuwa ofisa wa serikali ya kikoloni huko Ceylon, alilitafsiri kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kuwa na jambo akilini, kutolisahau. Wafaransa wa kizazi cha karibu hawakuwa na neno la namna hiyo, wakatumia "conscience", ambalo kwao lina maana mbili, fahamu na dhamiri. Kiswahili kimezitenganisha maana hizo, na anayetafsiri kutoka Kifaransa hana budi kuchagua. Akichagua vibaya, aliyeumizwa anaambiwa ajichunguze makosa yake.

Tafakari, neno nililolitumia katika makala haya kwa kufuata mazoea, nalo halitoshi. Lina asili ya Kiarabu, na limezoeleka katika misikiti na makanisa kwa maana ya kufikiri kwa kina juu ya jambo fulani: mauti, rehema, mateso ya Yesu. Anayeangalia pumzi yake hatakiwi kufikiri juu ya pumzi. Mafungo, neno la Wakatoliki, linafaa kabisa kwa kozi za siku kumi, na sioni haja ya kubuni lingine.

Kwa sati mimi napendekeza uzingativu. Kuzingatia ni kutia maanani na pia ni kutosahau. Tunapomwambia mtoto azingatie aliyoambiwa tunamtaka awe makini sasa na akumbuke kesho. Kwa hiyo neno letu linabeba pande zote mbili za neno la Kipali, jambo ambalo Kifaransa kimeshindwa, na halina harufu ya hukumu.

Hata hivyo mwanafunzi wangu hakulitumia kambini. Aliporudi kwa akina mama wale alisema kwa Kiswahili cha hapa: "Chunga pumzi yako." Katika Kongo kuchunga si kulisha mifugo tu, ni kulinda, kutunza, kungoja. Walicheka kwanza, kisha wakafumba macho. Wenzangu wawili wa idara wanakataa neno hilo kwa kuwa si sanifu, na mmoja wao anauliza kama sasa pumzi imekuwa mbuzi. Binafsi ningeacha uzingativu uende vitabuni, na kuchunga kubaki na wanaolihitaji.

Jirani yangu Mzungu amekwisha kuondoka Kalemie. Nilimweleza sentineli mambo haya yote, kwa ufupi, jioni moja alipokuwa akiwasha taa ya lango. Alisikiliza, akafikiri kidogo. "Kumbe alikuwa anachunga," alisema. "Basi alikuwa mwenzangu. Ila mimi nalipwa."